Inakotoka Nuru

Ziwa Kivu halipumui hadi chini. Upepo wa kiangazi, ule wa Juni na Julai unaojaza vumbi machoni, huyakoroga maji ya juu, mita sitini hivi, basi. Kutoka hapo hadi sakafuni, mita 485 palipo na kina kirefu kuliko pote, hakuna oksijeni, hakuna sambaza wala samaki mwingine, hakuna mmea. Kuna maji mazito yenye chumvi, yanayolishwa na chemchemi za volkano, nayo yamelala huko kwa muda ambao watafiti wanaukadiria kuwa miaka 800 hadi 1,000. Wami, watawala wetu wa jadi, wengi tunaowataja kwa majina walizaliwa, wakatawala na wakazikwa huku maji hayo yakiwa hayajaona jua.

Kwamba chini kuna gesi, kila mtu hapa Bukavu, upande wa Kongo, anajua. Mwanafunzi wa sekondari Kadutu atakutajia metani, na akiwa makini atakupa hesabu: kilomita za ujazo 60 hivi za metani na 300 hivi za kaboni dioksidi, zimeyeyuka majini, zimebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ng'ambo, huko Karongi nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaigeuza metani hiyo kuwa megawati 26 za umeme tangu mwisho wa mwaka 2015. Na hofu tunaijua pia. Tumesimuliwa habari za Ziwa Nyos kule Kamerun, ambalo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitapika gesi na kuua watu wapatao 1,700 wakiwa majumbani mwao. Tunayajua mazuku ya upande wa Goma, hewa mbaya inayokaa mabondeni ikaua mbuzi, na wakati mwingine mtoto, bila kutoa sauti.

Lakini kuna kitu cha tatu huko chini ambacho hakitajwi sana. Ni amonia.

Imetokana na wafu. Mwani, wadudu wadogo wa majini, sambaza waliozeeka au waliotoroka wavu wakiwa wamejeruhiwa, wote hao hufa juu na kushuka polepole gizani. Huko chini wanaliwa na bakteria wasiohitaji hewa. Sehemu ya kaboni ya miili yao huwa metani. Naitrojeni yao huwa amonia, au tuseme kwa usahihi amoniamu, yaani amonia iliyoongezewa protoni moja ikapoteza harufu yake kali. Oksijeni ikiwepo, bakteria wengine huanza kuibadilisha hatua kwa hatua mpaka irudi hewani. Kule chini njia hiyo imefungwa. Inabaki, inaongezeka, mwaka juu ya mwaka. Ndiyo maana wahandisi wa gesi wanatakiwa kuyarudisha kilindini maji wanayoyavuta: yakimwagwa juu, amonia na fosfeti iliyomo vitaulisha mwani kupita kiasi, ziwa ligeuke kijani na samaki wakose pumzi. Utajiri wa chini unakuwa sumu ukipandishwa kwa haraka.

Nimelifikiria jambo hili hasa nyakati za delestaji, umeme unapokatwa Ibanda yote na jenereta za wenye uwezo zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Mtu wa sala hujifunza mapema kwamba ndani yake kuna mengi yaliyoshuka yakakaa, mengine machungu, mengine yenye nguvu, na kwamba si kila kilicho chini kinaombwa kupanda. Basi nilishangaa niliposoma kwamba watu wa mbali wameanza kuitazama amonia, kitu kile kile, kama njia ya kuleta mwanga usio na moshi. Mshangao huo ndio ulionikalisha chini kuandika.

Tuanze na hidrojeni, maana ndiyo inayotafutwa. Ni nyepesi kuliko vitu vyote. Kilo moja yake ina nishati ya kilowatisaa 33 hivi, na ikiungana na oksijeni inatoa maji tu, kilo tisa za maji kwa kila kilo ya hidrojeni. Ndani ya seli ya fueli muungano huo hutokea bila mwali. Hidrojeni inaingia upande mmoja, inakuta utando mwembamba uliopakwa platini, inaachana na elektroni zake. Protoni zinapenya utando. Elektroni zinakatazwa kupita hapo, kwa hiyo zinalazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na kuzunguka kwao ndiko umeme tunaoutumia. Taa inawaka kwa sababu kuna mlango uliofungwa. Upande wa pili zinakutana tena na protoni, oksijeni ya hewa inazipokea, na tone la maji linadondoka. Seli moja inatoa volti 0.7 hivi, ndogo sana, ndiyo maana zinapangwa kwa makumi na mamia.

Ni kuungua kusikoteketeza. Wakristo na Waislamu wa mji huu wanakijua kisa cha Musa na kichaka chenye moto. Mimi katika kisa hicho huwa navutwa zaidi na agizo la kuvua viatu kuliko na mwali. Musa alikwenda kutazama ajabu ya moto, akaambiwa aangalie kwanza alipokanyaga. Nitarudi kwenye ardhi hiyo.

Tatizo la hidrojeni ni kwamba haikai. Ukitaka iwe kimiminika, lazima uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, jambo lisilofikirika kwa mji ambao hata nyama haina hakika ya friji. Ukitaka kuibana, unahitaji mitungi minene yenye mgandamizo wa mamia ya baa. Inapenya panya asipopenya, inadhoofisha vyuma vingine. Kwa hiyo wanakemia waliirudia amonia: naitrojeni moja iliyoshika hidrojeni tatu. Amonia huwa kimiminika kwa nyuzi 33 tu chini ya sifuri, au kwa joto la kawaida la Bukavu ikibanwa kwa baa nane au tisa, mgandamizo usiotofautiana sana na ule wa mtungi wa gesi ya kupikia. Na kuna jambo ambalo kila nikilirudia linanishangaza upya: lita moja ya amonia kimiminika ina hidrojeni nyingi kuliko lita moja ya hidrojeni kimiminika yenyewe. Gramu 120 hivi dhidi ya 71. Anayeibeba anaibana vizuri kuliko inavyoweza kujibana yenyewe.

Shuka asubuhi hadi Beach Muhanzi, boti zinapofika kutoka Idjwi na Kalehe, utaona kazi ya kubeba kwa macho. Mama anainama, wenzake wawili wanamtwika gunia la makala mgongoni, kamba inapita juu ya paji la uso. Anainuka kwa magoti kwanza. Hatazami mbele, anatazama hatua mbili za udongo zilizo chini ya miguu yake, na kwa hatua mbili mbili hizo anapanda mlima. Gunia ni refu kuliko mgongo wake. Anapofika, anageuka kidogo, anaachia, vumbi jeusi linaruka, anahesabu noti za faranga alizopewa, anaikunja kamba mkononi na kushuka tena mtupu. Makala yale yatapika sombe ya nyumba ambayo hatakula. Ukimwangalia usoni amesimama, utaona alama ya kamba, mstari uliolala juu ya nyusi, na hautoki Jumapili.

Naitrojeni katika amonia inafanya kazi ya mama huyu. Yenyewe haiungui, haitoi mwanga. Inapokea hidrojeni tatu, inavuka nazo safari, inafika, inatuliwa, inarudi hewani ilikotoka. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78. Hapo ulinganisho unaishia, na ni haki uishie. Naitrojeni haichoki wala haizeeki shingo. Mama anachoka. Sipendi mahubiri yanayomsifu mbebaji kwa unyenyekevu wake na kumwacha na mzigo ule ule Jumatatu.

Kutua mzigo huo kuna gharama yake. Amonia haiachi hidrojeni kwa kuombwa. Inapitishwa juu ya kichocheo, nikeli au rutheni, katika joto la nyuzi mia kadhaa, mara nyingi zaidi ya 500, ndipo inapovunjika. Na ikivunjika nusu nusu ni hasara: seli zile za utando wa plastiki zinalemazwa na chembe chache tu za amonia iliyobaki, kiasi kidogo sana kuliko pua inavyoweza kunusa. Lazima mbebaji aondoke kabisa. Kuna aina nyingine, seli za alkali, za zamani zaidi, zile zilizotumika katika vyombo vya Apollo, ambazo zinavumilia mabaki hayo. Kwa njia hiyo kampuni ya GenCell ya Israeli ilionyesha mwaka 2018 mashine iliyoiita A5, iliyokusudiwa minara ya simu iliyo mbali na nyaya za umeme. Ilidai kwamba tangi moja la tani 12 za amonia lingeendesha mnara usiku na mchana mwaka mzima. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutajwa kuwa zitaitumia, kupitia kampuni ya Adrian ya Nairobi.

Ukikaa Bukavu unaelewa haraka kwa nini walifikiria minara. Milima yetu imesimikwa minara, na chini ya mingi kuna jenereta ya dizeli, na dizeli hiyo inapandishwa kwa lori kwenye barabara ambayo masika huigeuza uji. Dizeli inaibwa njiani na ikishafika. Amonia haina mwizi, au tuseme mwizi wake ataiba mara moja tu.

Hata wazo lenyewe si geni kama linavyotangazwa. Mwaka 1943, Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani na dizeli haipatikani, mabasi kadhaa huko yaliendeshwa kwa amonia iliyochanganywa na gesi ya makaa. Wakati huo huo Kongo ya Wabelgiji ilikuwa inachimbwa mchana na usiku kulisha vita vya waliopigana na Wajerumani: mpira, bati, na ile urani ya Shinkolobwe. Dizeli iliporudi, mabasi yale yakasahauliwa.

Sasa nirudi kwenye ardhi ya Musa, niangalie tunapokanyaga.

Mashine ya namna hiyo ikiwekwa kando ya hospitali, tuseme kule Panzi au mbali zaidi, Bunyakiri, wagonjwa wataona mwanga, daktari atasikia kimya mahali palipokuwa na jenereta, na nyuma ya jengo patadondoka maji. Itasemwa: nishati safi. Amonia yenyewe, lakini, imetoka wapi? Karibu yote inayotengenezwa duniani, tani zaidi ya milioni 180 kwa mwaka, inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Hidrojeni inanyofolewa kutoka kwenye metani, na kaboni inabaki inaelea angani. Kazi hiyo peke yake inatoa zaidi ya asilimia moja ya kaboni dioksidi yote inayotolewa na wanadamu. Moshi haukuzimwa. Umehamishwa ukafukizwa mahali ambapo mgonjwa wa Bunyakiri hauoni.

Sisi tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Koltani ya Kivu hufika Ulaya na Asia ikiwa poda ya tantali, ikaingia kwenye simu nyepesi inayong'aa, na anayeinunua anaona kioo safi. Kobalti ya Kolwezi inaingia kwenye magari ambayo yanasifiwa kwa kutokuwa na moshi, na mtu anayeipumua kama vumbi anaishi Lualaba. Miaka mingi tumekuwa mwanzo wa njia ambayo mwisho wake unaitwa safi. Ingekuwa aibu kubwa kwetu, siku tutakapokuwa mwisho wa njia ya mwingine, tusiulize kilichotokea mwanzoni.

Na mwanzoni kabisa pana wasiwasi wa zamani. Mwaka 1909, huko Karlsruhe, Fritz Haber alifaulu kulazimisha naitrojeni ya hewa iungane na hidrojeni. Carl Bosch wa kampuni ya BASF akakuza ufundi huo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kutoa amonia: kichocheo cha chuma, nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo wa baa mia mbili hivi. Kwa mbolea iliyotokana na hapo, karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula. Mtu yule yule, tarehe 22 Aprili 1915, alikuwa kwenye mahandaki ya Ypres akisimamia gesi ya klorini iliyofunguliwa juu ya askari. Siku chache baadaye mkewe, Clara Immerwahr, ambaye naye alikuwa mwanakemia, alijiua. Haber akapewa Nobel ya mwaka 1918 kwa ajili ya amonia. Amonia ile ile ilikuwa imeipa Ujerumani baruti ya kuendeleza vita. Sina namna ya kuzitenganisha sahani na bomu katika habari hii, na nimeacha kujaribu. Nakula ugali wa mahindi yaliyopata mbolea, nashukuru, na katika kushukuru huko nawaombea waliokufa Ypres.

Kuna njia nyingine ya kupata hidrojeni, kuivunja kutoka kwenye maji kwa umeme wa mto, na Afrika inaijua siku nyingi. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable kilitengeneza amonia kwa njia hiyo tangu miaka ya 1970, kikitumia nguvu ya bwawa la Kariba, hadi kilipoifunga mitambo hiyo mwaka 2015. Umeme ulikuwa haba na kila mtu aliutaka. Karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 2023 kampuni ya Talus ilifungua mtambo mdogo wa nguvu ya jua, uliobuniwa kutoa tani moja hivi ya amonia kwa siku kwa ajili ya mbolea ya mashamba ya hapo hapo. Na kwa maporomoko ya Inga kwetu, waliokuja na ndoto za hidrojeni ni wengi.

Je, Ruzizi? Mto unatoka ziwani pale pale mjini, unaingia korongoni, unakutana na bwawa la kwanza la mwaka 1958, megawati 30 kasoro kidogo, kisha la pili la mwaka 1989, megawati 44 hivi, ambazo tunagawana na Rwanda na Burundi. Hapa sitaki kuzunguka. Umeme ukigeuzwa kuwa amonia, kisha amonia ikageuzwa tena kuwa umeme, unaporudi umebaki theluthi moja, na mara nyingi hata hiyo haifiki. Iliyobaki imeishia kuwa joto njiani. Mji ambao nyumba zake zinakaa siku kadhaa bila taa hauna haki ya kuchukua vitatu ili urudishe kimoja. Yule mama wa Muhanzi angeuliza, na kwa haki, kwa nini umeme haukuja kwanza kwenye jiko lake, ili makala yapungue na misitu ya Kahuzi-Biega ipumue. Amonia kwa ajili ya mwanga inaweza kuwa na maana pale tu ambapo waya hautafika kwa miaka mingi, na mbadala wake ni dizeli. Mjini, hapana.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipohama ziwani na mtoni yakaenda shambani.

Nenda Kabare au Walungu mwezi maharage yanapoanza kutoa maua. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, chimba taratibu kuzunguka shina moja, usilivute, kisha utikise udongo mizizi ibaki wazi. Utaona vifundo vidogo vimeshikana na mizizi, vingine kama kichwa cha pini, vingine vikubwa zaidi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kama kinafanya kazi, ndani ni chekundu, rangi ya waridi inayokaribia damu, na kweli ni ndugu wa damu: mmea hutengeneza humo protini ya jamii ya hemoglobini, yenye chuma, kwa ajili ya kuidhibiti oksijeni. Ndani ya wekundu huo bakteria wanaoitwa rizobia wanachukua naitrojeni ya hewa na kuifanya amonia. Bila tanuri wala baa mia mbili. Kwa joto la udongo wa Kabare, usiku na mchana, mvua ikinyesha. Kimeng'enya chao kina chuma na molibdeni. Bosch naye alitumia chuma. Na kila mara wanapoivunja naitrojeni, kimeng'enya hicho hakiwezi kuepuka kutoa hidrojeni kidogo pembeni. Kwa hiyo kinachotafutwa na wahandisi kwa mitambo ya mamilioni ya dola, amonia na hidrojeni mahali pamoja, kinatoka chini ya majani ya maharage, na bakteria wengine wa udongo wanaila hidrojeni hiyo kabla haijafika juu.

Niliwahi kusimama na kifundo kimoja kiganjani kwa muda mrefu hata mwenye shamba akaniuliza kama ninaumwa.

Sisemi kwamba maharage yatawasha taa ya chumba cha upasuaji. Hayatawasha. Lakini yananifundisha mwendo. Mharage unawalipa rizobia kwa sukari, sehemu nzuri ya kile ulichopata kwenye jua, na usipolipa hakuna kitu. Kiasi kinachotengenezwa ni kile kinachohitajika. Mmea ukikuta naitrojeni tele udongoni, unaacha kutengeneza vifundo. Unajua kutosheka. Wataalamu wa taasisi ya kilimo ya IITA pale Kalambo, na mradi wa N2Africa ulioanza mwaka 2009 na kufanya kazi Kivu Kusini pia, wamewagawia wakulima mbegu za soya pamoja na rizobia wanaofaa, unga mweusi unaopakwa kwenye mbegu siku ya kupanda. Ardhi ya Walungu imelimwa bila kupumzika hadi imechoka, na huko gunia moja la maharage zaidi ni ada ya shule. Nikiulizwa amonia ya kwanza ya Kivu iende wapi, nitasema iende kwenye chakula, na ianzie kwenye vifundo hivi kabla ya tangi lolote.

Tangi lenyewe linahitaji woga. Amonia ikivuja inachoma macho na koo, na kwa wingi inaua kwa dakika chache. Tarehe 24 Machi 1992 huko Dakar, tangi la amonia kwenye kiwanda cha mafuta ya karanga lilipasuka. Watu 129 walikufa na zaidi ya elfu moja wakajeruhiwa. Dakar ni mji wa tambarare wenye barabara pana. Fikiria Kadutu, nyumba za mbao zimebebana mlimani, vichochoro ambavyo hata pikipiki inapita kwa kusali, mji ambao moto wa mshumaa mmoja umeteketeza mtaa zaidi ya mara moja kwa sababu gari la zimamoto halikuweza kufika. Mtaalamu atasema amonia haishiki moto kirahisi, na pua inainusa mapema sana kabla haijafikia kiasi cha kuua. Ni kweli. Lakini kunusa ni onyo kwa mwenye mahali pa kukimbilia.

Na amonia ya ziwani? Iachwe. Ilikusanywa na vifo vya karne nyingi, na wanaoivuta metani wana wajibu wa kuirudisha kilindini, kila siku, bila kuchoka kuhesabu. Katika haya yote hilo ndilo ninaloliona kuwa karibu zaidi na ibada: watu wanaolipwa kurudisha chini kitu wasichokihitaji, ili wengine wavue.

Basi, ndugu msomaji, siku mtu akija na picha nzuri za mashine inayotoa maji badala ya moshi, mpokee, mpe kiti, umwulize amonia yake imetengenezwa kwa gesi ya wapi au kwa mto wa nani, tangi litakaa mita ngapi kutoka kwenye nyumba ya kwanza, na nani atakayekuwa zamu usiku likivuja. Akijibu yote matatu, apelekwe Shabunda au Bunyakiri, kwenye hospitali inayoishi kwa dizeli, aonyeshe kazi. Asipojibu, asindikizwe hadi njiani kwa heshima. Na ninyi mnaosoma kemia kwenye vyuo vyetu vya UOB na ISP, na mlioko kituo cha utafiti cha Lwiro, msingoje mashine hiyo ifike. Msimu wa maharage unaanza Septemba. Vifundo vya Kabare na Walungu vinahitaji watu wa kuvihesabu.